Mvua ya Beni na Butembo katika Historia ya Modeli za Hali ya Hewa

Utabiri wa mvua katika nchi ya milima ni suala la historia kama ulivyo suala la fizikia. Mji wa Beni uko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, kando ya msitu mkubwa. Butembo, kilomita 50 hivi kusini yake, umepita mita 1,700. Upande wa mashariki wa Beni umesimama mlima Rwenzori wenye mita 5,109. Hapa mkulima hutegemea misimu miwili ya mvua, na msimu ukichelewa mbegu huoza au hukauka ardhini.

Katika enzi ya ukoloni wa Kibelgiji, idara ya hali ya hewa na taasisi ya utafiti wa kilimo ya INEAC, iliyoundwa mwaka 1933, zilieneza vituo vya kupimia mvua nchini Kongo. Vipimo vya wakati huo vilimwezesha Franz Bultot kutunga atlasi ya tabianchi ya bonde la Kongo, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1971. Hata hivyo, baada ya uhuru wa 1960 vituo vingi vilikoma kufanya kazi, na vita vilivyoanza 1996 vilizidisha pengo hilo.

Penye upungufu wa vipimo, wataalamu hutegemea modeli, yaani hesabu za mwendo wa angahewa. L. F. Richardson alizieleza kitabuni mwaka 1922: dunia hugawanywa katika miraba, na kila mraba hukokotolewa. Katika modeli za dunia za miaka ya 1980 mraba mmoja ulikuwa na upana wa mamia ya kilomita. Kwa hiyo Beni na Butembo zilihesabiwa kuwa mahali pamoja, na Rwenzori ilisawazishwa ikawa kama kilima.

Mwishoni mwa miaka hiyo zikazuka modeli za kikanda zenye miraba midogo. Hizi zilipokea habari za upepo na unyevu mipakani mwake tu. Katikati, modeli iliweza kujitungia pepo zisizolingana na zile zilizovuma kweli. Mwaka 1996 K. M. Waldron na wenzake, kisha mwaka 2000 Hans von Storch na wenzake, walipendekeza dawa: kuitenga mifumo ya angahewa kwa ukubwa wake. Mikubwa, kama vile pepo za Bahari ya Hindi na zile zenye unyevu kutoka bonde la Kongo, huvutwa taratibu ifuate uchanganuzi wa vipimo, hasa katika tabaka za juu. Midogo, kama upepo wa mabondeni na dhoruba za alasiri, huachiwa uhuru, ili milima yenyewe iamue mvua inyeshe wapi.

Njia hiyo ina mipaka yake. Uchanganuzi unaoiongoza modeli nao hutokana na vipimo, ambavyo ni haba juu ya Kongo. Modeli ikishikwa kwa nguvu mno, hurithi makosa yake. Zaidi ya hayo, bila kipima mvua Butembo, hakuna wa kuthibitisha kwamba modeli imesema kweli. Basi hesabu hizi haziwezi kuchukua nafasi ya vituo vilivyopotea. Zimeongeza tu haja ya kuvirudisha.