Mzazi Mhamaji na Daftari la Mahudhurio

Kuna maneno ambayo hapa Mwandoya utayasikia gulioni, kwenye mkutano wa kijiji, hata ndani ya basi la kwenda Bariadi: "Ah, hawa wa kuhamahama na ng'ombe hawana habari na shule!" Yamesemwa mpaka yamekuwa kama methali. Hebu leo tuyapandishe kizimbani mbele ya historia, tuone kama yatasimama.

Tuanze na wageni wa mbali. Pamba iliposhamiri Usukuma enzi za Mwingereza, walikuja Wahindi, wengine wakafungua maduka, wengine viwanda vya kuchambua pamba. Shule za Tanganyika wakati ule ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Waasia mbali, za Waafrika mbali. Waasia hawakukaa kusubiri. Jumuiya zao zilichanga fedha, zikajenga, zikaunda kamati, halafu ndipo zikaidai serikali ruzuku. Ubaguzi ule wa shule ulifutwa Januari 1962, mwezi mmodi tu baada ya Uhuru. Basi, hao ni wahamiaji, na hakuna aliyewahi kusema hawajali elimu. Lakini tusemeane ukweli. Walikuwa na fedha, halafu walikaa mjini. Mvua ikikosekana, mwenye duka hafungi virago akalifuata jani.

Sasa njoo kwa Msukuma, maana naye ni mhamiaji, tena wa siku nyingi. Kwa lugha yetu kuhama ni kusama, wala si neno la aibu. Kati ya 1947 na 1956 wakoloni waliendesha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Ardhi ya katikati ilikuwa imechoka, watu na ng'ombe wamebanana, kwa hiyo familia nyingi zikaelekea Geita. Miaka iliyofuata wengine wakasogea hadi Rukwa, Usangu na Kilombero. Kila walikokwenda walienda na mifugo, na mifugo lazima ichungwe. Nani achunge? Mtoto. Kwa hiyo mzazi aliyempeleka mtoto shule alikuwa anatoa mtu kazini. Na shule yenyewe ilikuwa ya kubahatisha: wengi waliobahatika waliishia darasa la nne, kisha wakarudi kushika jembe lile lile. Hivi wewe ungepigaje hesabu?

Ndipo yakaja mambo ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1967 alitoa Elimu ya Kujitegemea. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, kwamba elimu ya msingi iwe ya watoto wote ifikapo 1977. Miaka hiyo hiyo watu walikuwa wanahamishiwa vijijini, wengi kwa kusukumwa. Tunajua kulikuwa na machungu. Lakini angalia jambo moja: shule ilipofika karibu, wazazi wale wale walioitwa wasiojali walifyatua matofali, wakachota maji, wakasomba mchanga. Madarasa mengi ya wakati ule yalisimama kwa mikono ya wanakijiji. Walimu walikuwa wachache mno, ikabidi waliomaliza darasa la saba wafundishwe kazi huku wanafundisha. Watu wakatania kwamba UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu". Utani ni utani, ila hao ndio waliowafundisha wazee wetu wengi kusoma barua.

Tatizo likabaki moja. Sheria ya Elimu ya 1978 ilimlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria, la sivyo ashtakiwe. Ni sheria nzuri. Lakini ilimtazama mzazi mwenye anwani moja. Daftari la mahudhurio linampenda anayekaa. Anayeondoka huandikwa mtoro, na huko aendako anaulizwa barua ya uhamisho. Mwaka 2006 serikali ilipowaondoa wafugaji Usangu ili kuokoa mto Ruaha Mkuu, wengine walielekezwa hadi Lindi. Mtoto aliyekuwa katikati ya mwaka wa masomo naye alikuwa njiani, nyuma ya ng'ombe. Huyo nani mtoro, mzazi wake au ile safari?

Kama bado una shaka, watazame ndugu zetu wa Burundi. Waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa mashamba Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Watoto wao walisoma mitaala ya Tanzania, kwa Kiswahili, na mwaka 2010 watu zaidi ya 160,000 wa makazi hayo walikubaliwa kuwa raia. Lakini waliokuja baada ya vita ya 1993 waliwekwa kambini upande wa Kigoma, na huko watoto walisoma mitaala ya Burundi, maana ilitarajiwa watarudi. Wakimbizi wenyewe walishika chaki wakafundisha. Nchi iliyowapokea ni hiyo hiyo moja, ila shule ni mbili tofauti kabisa. Kwa nini? Kwa sababu swali la kwanza la mhamiaji yeyote ni hili: mtoto wangu ataishi wapi kesho? Akiwa na jibu, atamtafutia shule ya huko. Akikosa jibu, atamshikisha kitu anachokijua, na kwa Msukuma kitu hicho ni fimbo ya kuchungia.

Kwa hiyo yale maneno ya gulioni hayasimami. Wapo wazazi wazembe, sikatai, na wapo hata mijini kwenye shule kila kona. Ila mzazi mhamaji hutoka kuisaidia shule pale inapomsogelea. Serikali yenyewe imeanza kulikubali hilo kwa shule shikizi, yaani madarasa yanayopelekwa kwenye vitongoji vya mbali. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, yalipangwa madarasa 3,000 ya aina hiyo nchi nzima.

Na sisi vijana tunaotaka kuandika je? Mara ngapi tumemweka mchungaji kwenye hadithi kama kikaragosi, baba mkali anayemnyang'anya binti daftari, basi? Huyo yupo, tumwandike. Lakini tumwandike pia yule aliyebeba tofali mwaka 1976, akaondoka kabla mwanawe hajamaliza darasa la pili kwa sababu malisho yaliisha. Moyoni mwake kuna riwaya nzima, jamani. Tusipoiandika sisi tuliozaliwa huku, nani ataiandika?