Picha Pana, Kioo Kidogo: Nani Alikatwa Pembeni?

Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wangu picha za mwendo za sherehe za Uhuru, Desemba 1961, zilizopakuliwa kutoka mtandaoni. Mmoja wao akauliza: "Mwalimu, kumbe Nyerere alikuwa mnene hivi?" Darasa likacheka. Swali lake lilikuwa la haki. Nyerere wa 1961 alikuwa mtu mwembamba. Kilichomnenepesha ni picha iliyovutwa ubavuni ili ijaze skrini ya kisasa.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini lina historia ndefu, na historia hiyo inawagusa moja kwa moja wakazi wa Kinondoni na Temeke.

Tangu enzi za sinema zisizo na sauti, picha ilikuwa na upana wa sehemu 4 kwa kimo cha sehemu 3. Televisheni ilipokuja ilirithi umbo hilo. Ili kuwarudisha watazamaji waliobaki majumbani na runinga zao, studio za Marekani zikaleta picha pana. Mwaka 1953 filamu ya The Robe ilizindua mtindo wa CinemaScope, ambao upana wake ni zaidi ya mara mbili ya kimo. India ilifuata mwaka 1959 kwa Kaagaz Ke Phool ya Guru Dutt. Wakazi wa Dar es Salaam waliokwenda Empire, Avalon au Odeon katikati ya jiji, au Drive-In ya Msasani iliyofunguliwa mwaka 1966, walizoea ukubwa wa pazia la sinema.

Mambo yalibadilika miaka ya 1980. Serikali iliporuhusu, mwaka 1984, watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, deki za video ziliongezeka. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994; kwa hiyo kwa wengi wetu runinga ilianza kama chombo cha kuchezea kanda. Majumba ya sinema yakadhoofika, na huko Manzese, Tandale, Tandika na Mbagala vikazuka vibanda umiza: mabenchi, deki, na runinga moja mbele ya umati.

Ili filamu pana ijaze kioo cha 4 kwa 3, watengenezaji wa kanda walikata pande zake na kuchagua sehemu ya kubakiza. Hesabu yake ni rahisi. Picha yenye upana wa 2.35 kwa kimo cha 1, ikijazwa katika kioo hicho, hupoteza takriban asilimia 43 ya eneo lake. Watu wawili wanaozungumza, huyu kushoto na yule kulia, anabaki mmoja na ncha ya pua ya mwenzake.

Waongozaji walipinga. Woody Allen alisisitiza kwamba Manhattan itolewe kwenye kanda, mwaka 1985, ikiwa na upana wake wote, na mistari ikaachwa juu na chini. Watazamaji wengi wa kanda za namna hiyo walilalamika: nimelipia kioo kizima, kwa nini nionyeshwe nusu?

Mgala muue na haki yake mpe. Lalamiko hilo lingetolewa Tandika lingekuwa na uzito kuliko lilivyokuwa New York. Katika kibanda chenye runinga ya inchi 21, aliyekaa benchi la mwisho angeona ukanda mwembamba wa vivuli. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba watazamaji wa uswahilini hawakujali sanaa. Walitaka kuona nyuso, na sauti ya mfasiri kama Lufufu iliwajazia mengine. Kukata picha kwa sababu hiyo naweza kukuelewa. Nisichokubali ni nakala iliyokatwa kubaki ndiyo pekee inayopatikana.

Leo gurudumu limegeuka. Runinga bapa zina umbo la 16 kwa 9, ilhali filamu zetu nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 zilipigwa kwa kamera za video za umbo la zamani. Zikipandishwa mtandaoni, mara nyingi hupatwa na moja kati ya mawili. Huvutwa, na kila uso ukanenepa kwa theluthi. Au hukatwa juu na chini, na robo ya picha ikapotea. Zamani tulikatiwa filamu za wengine. Sasa tunakata za kwetu wenyewe. Na katika sehemu hiyo ya chini ndimo mlimokuwa na mitaro ya Manzese, bidhaa za magengeni, na jina la kanga lililoandikwa karibu na pindo. Kwa mwanahistoria wa kesho, huo ni ushahidi wa maisha yetu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Lakini watayarishaji wengi waliuza filamu zao kwa mkupuo kwa wasambazaji, na aliyekwisha kuuza mara nyingi hana hata nakala ya kulinganishia.

Kwa watumishi wa umma wanaohamisha kanda za zamani kwenda kwenye mfumo wa dijitali, ombi langu ni moja: hifadhini umbo la asili, na liandikeni katika kumbukumbu. Nakala ya kuonyesha ikibadilishwa, isemwe wazi. Kwa wanafunzi na wanaharakati: kabla ya kutumia picha kama ushahidi, tafuteni gurudumu la gari au uso wa saa. Kikiwa kimepigwa kutoka mbele moja kwa moja na bado si duara, huenda picha imevutwa.

Wiki iliyofuata niliirudisha picha ya Uhuru katika umbo lake, mistari myeusi ikatokea ubavuni. Mwanafunzi yule yule akasema imekuwa ndogo. Ni kweli. Lakini aliyesimama pale sasa alikuwa Nyerere.