Yasmeen Lari, msanifu aliyerudi kwenye udongo na chokaa

Yasmeen Lari, aliyezaliwa mwaka 1941, hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Pakistan kuwa msanifu majengo. Alisomea fani hiyo mjini Oxford, Uingereza, kisha akarudi kufanya kazi Karachi.

Katika miaka ya 1970 alibuni Angoori Bagh, mtaa wa nyumba za watu wa kipato cha chini mjini Lahore. Akina mama walimuuliza: kuku wetu watakaa wapi? Lari hakulipuuza swali hilo. Alizipa nyumba nafasi za wazi za juu, mtu aweze kufuga na kupanda mboga.

Baadaye alichora majumba makubwa ya saruji, yakiwemo makao ya shirika la mafuta la taifa. Mwaka 1980, yeye na mumewe waliasisi taasisi ya kuhifadhi majengo ya kale, na mwaka 2000 akafunga ofisi yake ya usanifu.

Tetemeko la ardhi la 2005 ndilo lililombadilisha. Alikwenda milimani kujenga pamoja na walioathirika, kwa mawe, mbao, udongo na chokaa. Mafuriko yalipofuata miaka ya baadaye, aliongeza mianzi. Msimamo wake ni kwamba aliyepatwa na maafa asifanywe ombaomba. Afundishwe, ajenge mwenyewe. Wanawake wa vijijini walifundishwa kutengeneza jiko la udongo na chokaa lililoinuliwa juu ya jukwaa, lisifikiwe na maji na lipunguze moshi. Jiko hilo lilipata tuzo ya World Habitat mwaka 2018. Mwaka 2023 Lari mwenyewe alitunukiwa Nishani ya Dhahabu ya taasisi ya wasanifu ya Uingereza, RIBA.

Sisi wa Pwani tuna la kujifunza hapa. Wazee wetu walijenga kwa boriti, udongo na chokaa ya matumbawe, lakini leo nyumba ya udongo tunaiona aibu. Lari anaonyesha kuwa udongo uliochanganywa na chokaa hustahimili maji kuliko udongo mtupu. Mto Tana ukifurika, watu hupewa mahema na unga. Msaada huo ni wa lazima, lakini hauishii hapo. Waulizwe pia wanataka kujengaje, na kuku wao watakaa wapi.