Hema la Stratford

Leo tuweke pembeni mambo ya boom na foleni ya kantini. Nataka kuwapa stori ya mji mmoja wa Kanada ulioanzisha tamthilia yake ndani ya hema. Usiseme haikuhusu, maana huko mbele Mwalimu Nyerere anaingia, na Kenya nayo inaingia.

Mji wenyewe unaitwa Stratford, uko Ontario, kando ya mto Avon. Ndiyo, jina la mji na jina la mto yote ni ya kuazima kutoka Uingereza, kule alikozaliwa Shakespeare. Lakini watu wa Stratford hii hawakuwa wanakula Shakespeare, walikuwa wanakula reli. Kulikuwa na karakana kubwa ya kutengeneza injini za treni za mvuke, na familia nyingi mjini ziliitegemea. Baada ya vita vya pili vya dunia injini za dizeli zikaanza kuingia, watu wakaona kabisa kwamba karakana ile haina maisha marefu. Na kweli, miaka ya 1960 ikafungwa.

Hapo ndo anatokea Tom Patterson, mwandishi wa habari, mzaliwa wa hapohapo. Hakuwa mwigizaji, hakuwa mwongozaji, na hela hana. Alikuwa na wazo tu: kama mji unaitwa Stratford, kwa nini usiwe na tamasha la Shakespeare kila majira ya joto? Mwaka 1952 akaenda kwenye baraza la mji, wakampa dola 125 aende New York akamtafute Laurence Olivier. Olivier hakumpata. Wengi wetu tungerudi nyumbani tukanyamaza. Yeye akaenda kwa Dora Mavor Moore, mama mwenye heshima zake kwenye tamthilia za Toronto, na kupitia kwake akampigia simu Tyrone Guthrie, mwongozaji mkubwa aliyekuwa Ireland. Guthrie akaja mwaka huohuo wa 1952.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Guthrie hakuja kudai jengo la fahari. Alichokitaka ni jukwaa la aina yake. Alikuwa amechoshwa na ule mtindo wa watazamaji kukaa upande mmoja gizani wakitazama picha ndani ya fremu. Mbunifu Tanya Moiseiwitsch akachora jukwaa linalochomoza katikati ya watu, watazamaji wameuzunguka mchezo pande tatu. Kwa mtu aliyekulia kwenye ngoma hili si la ajabu, ngoma inazungukwa tangu enzi na enzi. Lakini kwa tamthilia ya Kizungu ya wakati ule yalikuwa mapinduzi. Baadaye mtindo huo ukaonekana Chichester kule Uingereza mwaka 1962, na Minneapolis, Marekani, mwaka 1963.

Hela za ukumbi hakuna, kwa hiyo wakaamua: jukwaa tujenge, juu yake tuweke hema. Turubai likaagizwa Chicago. Kamati ikaanza kupitisha bakuli, na waliochanga walikuwa wenyeji kwanza, maana hili lilikuwa shirika lisilo la faida, hakuna tajiri anayesubiri gawio. Ikafika mahali hela zikakata kabisa na tamasha likawa linaning'inia. Mkandarasi wa mji, Oliver Gaffney, hakutoa vijana wake saiti. Aliendelea kujenga bila kulipwa mpaka michango mingine ilipoingia. Mimi kwenye stori nzima huyu ndiye ananigusa zaidi. Hakuigiza hata mstari mmoja, lakini bila yeye pengine leo tusingekuwa na cha kusimulia.

Tarehe 13 Julai 1953 usiku, Alec Guinness akatoka mbele ya watu kama Richard III. Usiku uliofuata ikachezwa All's Well That Ends Well, naye Irene Worth alikuwa kwenye kundi hilohilo. Msimu ulidumu wiki sita. Hema lenyewe si mchezo: joto ndani, na mvua ikinyesha turubai linapiga kelele. Watu wakaja hivohivo, na mwaka uliofuata wakaja tena.

Walikuwa wanapewa nini? Si Shakespeare peke yake. Mwaka 1954 waliingiza Oedipus Rex ya Wagiriki, waigizaji wamevaa vinyago. Mwaka 1955 wakacheza Julius Caesar na Mabepari wa Venisi. Wadau, hizo ndizo mbili alizozitafsiri Mwalimu! Julius Caesar ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakuna ushahidi kwamba kuna aliyemwiga mwenzake, lakini napenda kufikiria kwamba tamthilia zilezile zilikuwa zinatafuta makazi mapya, huku ndani ya hema, huku ndani ya lugha yetu.

Mwaka 1956 wakacheza Henry V. Wakuu wa Ufaransa kwenye mchezo wakaigizwa na Wakanada wanaozungumza Kifaransa kutoka Montreal, jambo zito kwa nchi ambayo hizo lugha mbili zina ugomvi wa miaka. Mfalme alikuwa Christopher Plummer. Siku moja akaugua ghafla, akaingia kijana aliyekuwa akiba yake, William Shatner. Ndiyo, huyohuyo wa Star Trek.

Huo ukawa mwaka wa mwisho wa hema. Mwaka 1957 likafunguliwa jengo la kudumu kuzunguka jukwaa lilelile, na msanifu Robert Fairfield akalipa paa lenye umbo la kukumbusha hema. Siku hizi tamasha lina kumbi nne, linaweka Shakespeare, michezo ya nyimbo na kazi mpya za Wakanada, na ule mji wa reli sasa unaishi kwa wageni wanaokuja kutazama.

Halafu ikaja korona. Msimu wa 2020 ukafutwa. Mwaka 2021 wakarudi nje, chini ya turubai, kama mwanzo. Mojawapo ya michezo ya msimu huo ilikuwa Serving Elizabeth ya Marcia Johnson, kuhusu mama wa Kikenya anayeombwa ampikie binti mfalme Elizabeth alipozuru Kenya mwaka 1952. Mwaka uleule Patterson aliokwenda kuomba nauli! Mpishi ambaye kwenye stori za kifalme huwa hata jina hana, pale ndiye alikuwa mwenye mchezo.

Nimeyaandika haya kwa sababu kikundi chetu cha maigizo kimepoteza mahali pa kufanyia mazoezi, na kuna hoja kwamba tukivunje mpaka tupate ukumbi. Hoja ya wenzangu siidharau: mvua ipo, kelele zipo, na mitihani inakaribia. Lakini Stratford walianza na jukwaa, jengo likafuata miaka minne baadaye, na lilifuata kwa sababu tayari kulikuwa na watazamaji wa kuliwekea paa. Tukivunja kikundi leo, huo ukumbi ukija tutamuita nani?

Mimi nitapiga kura tuendelee. Turubai la kukodi tuchangishane, viti kila mtu atabeba cha chumbani kwake. Kura ni Ijumaa saa kumi jioni, chini ya mwembe nyuma ya hosteli. Njooni, hata mnaopinga.