Askari: neno la vita linalorushwa sana kwenye siasa zetu

Uzi. Soma polepole.

Msimu wa siasa ukikaribia, huku kwetu Kanyangi hukosi kumsikia mtu jukwaani akisema ati Wakamba ni "jamii ya askari": watiifu, wakiambiwa waende, wanaenda. Watu wanapiga makofi. Huku mtandaoni neno lilo hilo linageuzwa kejeli: nyinyi ni wa kulinda geti tu. Basi tuangalie limetoka wapi.

Ni la Kiarabu. *Askar* ni jeshi, *askari* ni mtu wa jeshi. Wataalamu wengi wanalifuata nyuma zaidi hadi Kiajemi, *lashkar*. Pwani, karne ya 19, askari alikuwa mtu wa bunduki aliyelipwa na Sultani wa Zanzibar, au aliyelinda msafara wa biashara ukienda bara. Shika hapo: aliyelipwa. Shujaa anaweza kupigana bila mshahara, lakini askari ana mwajiri. Ndiyo maana neno halikupata shida kuhama kutoka vitani hadi getini. Mlinzi wa usiku ni askari, wa kanjo ni askari, wa magereza pia. Kikamba nacho kikalikopa: musikali.

Sasa Wakamba. Katikati ya karne hiyo ya 19 sifa yetu kubwa haikuwa uaskari, ilikuwa biashara. Kivoi wa hapa Kitui aliongoza misafara ya pembe za ndovu hadi Mombasa, na mwaka 1849 mmishonari Ludwig Krapf alikuwa mgeni wake alipouona Mlima Kenya. Uaskari ulikuja na Waingereza, waliounda King's African Rifles (KAR) mwaka 1902. Walikuwa na nadharia waliyoizoea India, kwamba kuna makabila "yaliyozaliwa" kupigana, na Wakamba wakatiwa kwenye orodha. Wao waliita damu. Kijana wa Ukambani alikuwa na kodi ya kulipa na ukame nyumbani, na jeshini kulikuwa na mshahara.

Na huo utii je? Mwaka 1938 serikali ilianza kuwachukua ng'ombe wa watu Machakos kwa nguvu na kuwauza, sababu eti wamezidi malisho. Wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa Athi River kikitaka ng'ombe wa bei ya chini. Watu wakatembea hadi Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, kiongozi wao Muindi Mbingu. Wakapiga kambi Kariokor wiki kadhaa wakidai kumwona gavana. (Kariokor yenyewe imetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam vilevile.) Serikali ilikuwa na hofu ya kweli, manake Wakamba walikuwa wengi jeshini na polisi, na ng'ombe waliouzwa walikuwa wa kwao nyumbani. Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini kabla mwaka kuisha, uuzaji wa lazima ulisimamishwa.

Sasa huyo mtu wa jukwaani akisema "jamii ya askari", muulize anaongelea Wakamba wa mwaka gani, na mwajiri ni nani safari hii.

Kama guka wako alikuwa KAR, andika hapo chini aliingia jeshini kwa nini. Uzi ujao ni neno "mgambo".