Utemi Ulifutwa, Masamva Yakabaki

Kabla ya mwaka 2012, Bariadi ilipofanywa makao makuu ya Mkoa mpya wa Simiyu, na kabla hata ya kuja Wajerumani, eneo hili liliitwa Ntuzu, nchi ya Wasukuma yenye mtemi wake. Jirani zake walikuwa Itilima, Kanadi na Dutwa. Mtemi hakuwa mtawala tu. Yeye ndiye aliyeiombea nchi mvua na kubariki mbegu kabla ya kupanda. Ukame ulipozidi, aliweza hata kuondolewa kitini.

Waingereza waliukuta utemi huo wakautumia kwa kazi zao: kodi, mabaraza ya kesi, amri za kilimo na za kupunguza mifugo. Baada ya Vita Kuu ya Pili watemi wakaunganishwa katika Shirikisho la Usukuma, makao yake Malya. Kadiri mtemi alivyozidi kuwa mtu wa serikali, ndivyo wananchi walivyozidi kumnung'unikia. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu, ikitaka taifa moja lisilo na milki za kikabila.

Pigo la pili lilikuja miaka ya 1970. Operesheni Vijiji iliwaondoa watu kwenye kaya zao zilizotawanyika na kuwapanga vijijini. Nyuma yalibaki mahame, na humo makaburi ya wazee waliokuwa wakitambikiwa.

Mapigo hayo hayakuilenga imani yenyewe, kama ilivyotokea kwingineko. Huko Ukraine, utawala wa Kisovieti ulilipiga marufuku Kanisa Katoliki la Kigiriki mwaka 1946. Waumini wakasali kwa siri hadi 1989, na imani ikawa alama ya utaifa wao. Usukumani hakuna aliyekatazwa kuomba. Kilichoondolewa kilikuwa kiti cha mtemi, kisha ardhi ya mababu.

Mila ilinusurika kwa sababu haikukaa ikulu peke yake. Masamva, yaani mizimu ya ukoo, yalitambikiwa nyumbani na mkuu wa kaya, na kaya ikihama huhama na masamva yake. Ngoma nazo zilikuwa na vyama vyake, Bagika na Bagalu, vyenye waganga, dawa na mashindano ya baada ya mavuno. Vyama hivyo havikumtegemea mtemi ili viishi.

Kanisa nalo lilifungua mlango. Kuanzia miaka ya 1950, Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alijenga Bujora, karibu na Mwanza, kanisa lenye sura ya nyumba ya Kisukuma na makumbusho ya ngoma na viti vya watemi. Sikukuu ya Ekaristi ikawa Bulabo, siku ya Bagika na Bagalu kushindana.

Kwa hiyo Mnyantuzu, yaani mtu wa Ntuzu, wa leo ni Mtanzania kamili bila kuacha kuwa Msukuma. Lakini Bujora iko mbali na Bariadi, na wazee walioushuhudia utemi wanazidi kupungua. Halmashauri za Simiyu ziandike habari za Ntuzu, Itilima, Kanadi na Dutwa wakati wasimulizi wangalipo.