Kutoa Upepo: Istilahi ya Gereji na Mipaka Yake

Katika gereji za Tunduma, kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia, neno "upepo" lina maana mbili zinazokaribia kupingana. Dereva wa lori anayesubiri kuvuka kwenda Nakonde akilalamika kwamba gari limeishiwa upepo, ujue breki zimekamata na lori haliondoki. Mwenye gari dogo akiambiwa kwamba breki zake zimeingia upepo, ujue gari linaondoka vizuri tu, shida ni kulisimamisha. Fundi mzoefu haoni utata hapo, kwa sababu analiona gari lililo mbele yake. Utata humpata mtu anayetaka kushika spana mwenyewe nyumbani, Vwawa au Mlowo, kwa kufuata maelezo aliyoyasikia juujuu.

Istilahi yenyewe ni "kutoa upepo". Maana yake ni kuondoa hewa iliyonaswa ndani ya mabomba ya mafuta ya breki, kwa kuisukuma itoke pamoja na mafuta kupitia skrubu ndogo iliyopo kwenye kila gurudumu. Waingereza hukiita kitendo hicho kwa neno lilelile la kumtoa mtu damu. Mafundi wetu hawakulifuata. Walitaja kile kinachotolewa, na hiyo ni sifa ya istilahi nzuri, kwamba anayeisikia mara ya kwanza anajua adui ni nani.

Uadui wenyewe unatokana na kanuni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: mgandamizo unaotiwa kwenye kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Ukikanyaga pedali, masta silinda inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni ndani ya kalipa, na pistoni inabana pedi kwenye diski. Mafuta hayashindiliki kwa kiasi cha kuhisiwa na mguu, lakini hewa inashindilika. Penye kiputo cha hewa, sehemu ya mwendo wa pedali inaishia kukibana kiputo, na pedi zinapata kilichobaki. Hapo dereva husema breki inazama, au kwamba mpaka akanyage mara mbili ndipo inashika.

Kwenye lori mambo yamegeuka. Kompresa inayoendeshwa na injini hujaza matangi, na upepo huo ndio unaobana breki dereva anapokanyaga. Upepo huohuo huzizuia springi kali za breki ya kuegeshea zisikamate magurudumu. Ukivuja hadi kupungua sana, springi zinakamata zenyewe. Ndiyo maana lori lililolala foleni likiwa na uvujaji haliondoki asubuhi mpaka injini iungurume kwanza na geji ipande. Kinachotolewa huko ni maji, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa hudondosha unyevu wake ndani ya matangi. Kwa hiyo dereva wa lori anatoa maji kwenye upepo, na mwenye gari dogo anatoa upepo kwenye mafuta. Lugha ya gereji imekwisha kutenganisha mifumo hiyo kwa majina mawili, "breki za upepo" na "breki za mafuta". Anayefundisha au kuandika asiyaache majina hayo, maana ndiyo yanayoizuia istilahi isitangetange.

Hata hivyo neno "mafuta" nalo lina mtego. Linaalika mkono kuchukua kopo lolote lililo karibu, liwe oili ya injini au mafuta ya usukani. Kiowevu cha breki cha kawaida si mafuta ya petroli hata kidogo. Msingi wake ni glaikoli, na raba za ndani zimetengenezwa kuvumilia hicho tu. Oili ya injini ikiingia, raba zinavimba, na masta silinda na kalipa vinaharibika pamoja. Kinachoaminika ni maandishi ya kwenye kopo, DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1, yakilingana na yale ya kwenye mfuniko wa kikopo cha breki chini ya boneti. DOT 5 ni jamii nyingine, ya silikoni, na haichanganywi na hizo.

Kiowevu hicho hunyonya unyevu wa hewani, na hapa ndipo istilahi yetu inapofikia mpaka wake. Kwa viwango vilivyowekwa, DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Sasa mfikirie dereva anayeshuka mteremko wa Senjele, au wa Iwambi upande wa Mbeya, mguu ukiwa juu ya breki tangu kileleni na gia ikiwa fri. Joto la diski linapita kwenye pedi na pistoni, mafuta yaliyozeeka yanachemka, na ndani ya bomba kunazaliwa mvuke. Mvuke unashindilika kama hewa, na pedali inakwenda hadi chini. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika na pedali inapanda tena. Fundi akiitwa kutoa upepo hapati kiputo, na mwenye gari anaambiwa breki ni nzima.

Tatizo hilo tuliite kwa jina lake: mvuke. Dawa yake ni kubadilisha mafuta yote, na kushuka kwa gia nzito tangu mwanzo wa mteremko. Lipo na tatizo la tatu, pedi zenyewe kupata joto hadi zikateleza. Hapo pedali inabaki ngumu lakini gari halisimami, wala hakuna kitu cha kutoa kwenye bomba. Tukisema "breki zimefeli" tunayafunika yote matatu kwa blanketi moja. Swali linalofaa kuulizwa ni fupi: pedali ilizama au ilikuwa ngumu?

Anayeamua kufanya kazi hii mwenyewe aanze na gari kabla ya breki. Liegeshwe mahali tambarare na pagumu, siyo kwenye udongo uliolowa kwa mvua. Magurudumu yanayobaki chini yawekewe mawe mbele na nyuma. Kazi ya jeki ni kuinua. Kushikilia ni kazi ya stendi, na gurudumu lililofunguliwa lilazwe chini ya bodi kama akiba. Vumbi la pedi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu baadhi ya pedi, hasa za zamani, zina asbesto. Liloweshwe na kufutwa. Kalipa iliyofunguliwa isining'inizwe kwa bomba lake la mpira, ifungwe kwa waya. Mafuta ya breki yakidondokea rangi ya gari, yasuuzwe kwa maji mara moja.

Kutoa upepo kwenyewe kunahitaji watu wawili wanaosikilizana. "Kanyaga, dogo." "Nimekanyaga, kaka." Skrubu inafunguliwa kidogo, mafuta na viputo vinaingia kwenye chupa kupitia mpira mwembamba wa kuonyesha, pedali inazama, skrubu inafungwa. Ndipo unasema "achia". Mguu ukiachia kabla skrubu haijafungwa, mfumo unavuta hewa mpya na kazi inaanza upya. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia, kawaida huanzwa gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda, isipokuwa kitabu cha gari kikielekeza vingine. Mafuta yaliyotoka hayarudishwi, na kikopo hakiachwi kikauke hata mara moja.

Onyo hilo la kikopo lina uzito zaidi kwenye magari ya sasa. Mengi ya magari madogo yanayopita Tunduma yalitumika Japani kwanza, yakashushwa bandari ya Dar es Salaam, na mengine yanaendelea hadi Zambia na Kongo. Karibu yote yana ABS, yaani boksi la vali na pampu linalozuia magurudumu yasijifunge wakati wa breki kali. Mfumo ukiwa umetulia, baadhi ya njia ndani ya boksi hilo zimefungwa. Hewa ikishafika huko, kukanyaga pedali kutwa nzima hakuitoi. Inahitajika mashine ya kompyuta ya kuziamuru vali zifunguke. Magari yenye breki ya mkono ya kitufe yana mota kwenye kalipa za nyuma, na pistoni zake hazisukumwi kwa nguvu kabla mfumo haujawekwa kwenye hali ya matengenezo. Kwenye haibridi kama Toyota Prius, kufungua mlango tu kunaweza kuiamsha pampu ya breki ikajenga mgandamizo wakati kalipa iko wazi na vidole viko ndani.

Kwa hiyo kubadilisha pedi za mbele kwenye gari la kawaida, au kutoa upepo pale kikopo kilipobaki na mafuta wakati wote, ni kazi ya nyumbani kwa mtu makini mwenye stendi na msaidizi. ABS iliyoingia hewa, breki ya mkono ya umeme na haibridi ni kazi ya fundi mwenye mashine na kitabu cha gari hilo. Kwa vyovyote vile, kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu, viungio vikaguliwe kama vinavuja, kisha breki zijaribiwe kwa mwendo wa taratibu mahali tambarare. Pedali ikiwa bado inazama, gari hilo lisiingie barabarani.